Sufuria, kikaango au oveni: njia ipi ikufae kwa matunda ya moto yenye asali na tangawizi

Chukua matunda, asali, tangawizi na viungo viwili vitatu. Ukivipika kwenye sufuria unapata vipande laini vilivyolala ndani ya shira. Kwenye kikaango unapata vipande vyenye kingo za kahawia, vinavyong'aa kwa siagi, na katikati tunda bado lina uhai. Kwenye oveni unapata kitu kilichokolea na kusinyaa kidogo, chenye mchuzi mchache wa kunata chini ya bakuli. Mahitaji ni yaleyale, kitindamlo ni kingine kabisa.

Wengi wanaouliza watumie njia ipi huangalia saa kwanza. Mimi ningekwambia ulibonyeze tunda. Tunda gumu linavumilia moto wa muda mrefu, kwa hiyo lina nafasi ya kunywa viungo hadi ndani. Sufuria na oveni zinalifaa. Tunda lililoiva na kulegea halina muda huo. Likikaa motoni dakika kumi na tano linageuka uji, hata uwe fundi wa namna gani. Hilo ni la kikaango. Swali la pili ni asali iingie lini, na hapo ndipo njia hizi tatu zinapotengana zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ukishajua majibu ya maswali hayo mawili, kazi ya kuchagua imekwisha kwa sehemu kubwa.

Sufuria: shira nyingi, kazi ndogo

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa anayeanza, na ndiyo ninayoirudia mwenyewe mara nyingi, hasa kwa peasi na matufaha. Sababu kubwa ni kwamba inakusamehe. Moto ukizidi kidogo, unaupunguza. Shira ikiwa nyepesi, unaichemsha zaidi. Tangawizi ikiwa kali, unaongeza maji. Njia nyingine mbili hazina ukarimu huo.

Kwa matufaha au peasi 4 za wastani (kama gramu 700), pima maji mililita 500, asali vijiko vikubwa 6, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba iliyokatwa vipande vyembamba, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 2, punje 4 za iliki zilizopondwa kidogo, na kipande cha ganda la limau bila ile sehemu nyeupe yenye uchungu. Usitie asali yote kwa mara moja. Vijiko 4 vinaingia mwanzoni pamoja na maji na viungo, vichemke kwa dakika kumi kabla tunda halijaingia. Vijiko 2 vinasubiri mwisho.

Kugawa asali namna hiyo kuna maana yake. Kinachoshikilia umbo la tunda ni pektini, ile gundi iliyo kati ya seli zake. Ndani ya maji matupu pektini huyeyuka upesi na tunda hupasuka. Ndani ya maji yenye sukari, maji hayo "hushikwa" na sukari, na pektini huyeyuka polepole; vipande hubaki vipande. Kwa hiyo ukitaka matunda yenye umbo, lazima kuwe na utamu tangu mwanzo, na ukitaka rojo la kupaka kwenye chapati za maji au kuchanganya na uji, pika kwa maji matupu na utie asali baadaye. Asidi ya limau nayo husaidia kingo zisilegee haraka. Lakini asali ikichemka muda wote huo, harufu yake, ambayo ndiyo sababu ya kuinunua badala ya sukari, hupaa na mvuke. Vijiko viwili vya mwisho, vinavyoingia sufuria ikiwa imeshatolewa jikoni, vinarudisha kile kilichopotea.

Usivuke mipaka upande wa pili pia. Shira ikiwa nzito sana tangu mwanzo hunyonya maji kutoka ndani ya tunda, likakunjamana na kuwa gumu kama ngozi. Kiasi kimoja cha asali (yote kwa jumla) kwa vinne vya maji, kwa uzito, ni kipimo salama.

Matunda yakishaingia, moto uwe mdogo kabisa: vipovu vichache vinavyopanda taratibu. Mchemko mkali hugonganisha vipande na kuvivunja. Matunda huelea, kwa hiyo sehemu ya juu hubaki mbichi na peasi hugeuka kahawia hapo; weka kisahani kidogo juu yake kiyazamishe, au duara la karatasi ya kuokea. Peasi ngumu huchukua dakika 20 hadi 25, zilizoiva dakika 12 tu. Ncha ya kisu ndiyo itakayokuambia, ipite bila kusukumwa. Kisha yatoe matunda, pandisha moto, na uache shira ipungue hadi karibu theluthi yake. Sasa ndiyo asali ya mwisho.

Jambo moja kuhusu chombo chenyewe. Sufuria nyepesi ya aluminiamu isiyopakwa kitu ndani haipatani na matunda yenye asidi na limau: chakula kinaweza kupata ladha ya chuma, na sufuria yenyewe hufifia. Tumia stili isiyoshika kutu au sufuria yenye enameli.

Upungufu wa sufuria ni mmoja, na kwa baadhi ya watu ni mkubwa: hakuna rangi ya kahawia. Joto la maji haliwezi kuvuka nyuzi 100 kwa kiasi cha kuleta ladha ya kuungua-ungua tamu ambayo watu huitafuta katika kitindamlo cha moto. Ladha yake ni safi, ya wazi, karibu na chai ya viungo kuliko keki. Kama hicho ndicho unachokipenda, huna haja ya kusoma sehemu mbili zinazofuata.

Kikaango: dakika nane, na macho yasitoke jikoni

Ndizi, embe lililoiva lakini bado limeshika, nanasi, pichi. Haya ni matunda ya kikaango. Nanasi lingeweza kuvumilia njia zote tatu, ila kikaangoni ndiko linakopata kitu ambacho halikuwa nacho.

Kwa ndizi 3: siagi gramu 25, moto wa wastani, subiri hadi povu la siagi litulie. Panga ndizi zilizopasuliwa kwa urefu, upande uliokatwa uangalie chini, na usiziguse kwa dakika mbili. Kishawishi cha kuzigeuzageuza ni kikubwa. Kishinde, maana kila unapozisogeza zinapoza kikaango na kuchubuka. Geuza mara moja. Dakika nyingine moja au mbili, kisha zisogeze pembeni. Kwenye siagi iliyobaki katikati tia tangawizi mbichi iliyoparuzwa kijiko 1 cha chai, unga wa mdalasini nusu kijiko cha chai na iliki ya unga robo. Koroga kwa nusu dakika hadi harufu ikufikie. Toa kikaango motoni. Asali vijiko vikubwa 2, maji ya limau kijiko 1, chembe ya chumvi, tikisa kikaango hadi mchuzi ushikamane na matunda.

Mapishi mengi hutia viungo vya unga kwenye siagi kabla ya matunda. Sikubaliani nayo. Ni kweli kwamba harufu nyingi za viungo huyeyuka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kikaango juu ya sufuria. Lakini unga wa mdalasini ukikaa kwenye siagi ya moto dakika nne au tano huungua na kuacha uchungu ambao asali haiwezi kuuficha. Nusu dakika inatosha.

Asali nayo iingie mwisho kabisa, na hapa siyo kwa ajili ya harufu peke yake. Fruktosi, ambayo ni sehemu kubwa ya sukari iliyomo kwenye asali, huanza kugeuka karameli karibu nyuzi 110. Sukari ya kawaida ya mezani husubiri hadi karibu 160. Kikaango chenye siagi inayotoa povu kinaweza kuwa kimeshapita hapo zamani. Asali ikimiminwa humo mapema huchemka kwa fujo, hugeuka nyeusi, na matone yake yakiruka hushikamana na ngozi. Watoto wakae mbali na jiko wakati huo.

Ndizi yenyewe ichaguliwe kwa makini. Iliyojaa madoa meusi ni tamu sana ila haivumilii kugeuzwa. Itakuwa rojo kikaangoni. Ya kijani ina wanga mwingi ambao bado haujageuka sukari, na kwa dakika nane haitalainika. Inayofaa ni ya njano yote, ngumu kidogo shingoni. Nanasi likaushwe kwa kitambaa kabla ya kuingia, la sivyo maji yake yatakaa kikaangoni na badala ya kukaanga utakuwa unachemsha. Hilohilo kwa embe.

Na kikaango kisijazwe. Hii ndiyo inayofanya njia hii iwafae watu wawili, watatu kwa shida. Ukiwa na wageni wanane utasimama jikoni ukikaanga kwa awamu huku awamu ya kwanza ikipoa, na wao wanazungumza sebuleni bila wewe.

Oveni: ya wengi, na ya mtu asiye na haraka

Oveni inasifiwa kupita kiasi kwa kitindamlo cha aina hii, hasa kwa kiasi kidogo. Kuipasha moto dakika kumi na tano ili uoke peasi mbili ni kupoteza nishati. Lakini panapokuwa na tunda kilo moja na nusu, au oveni tayari ina kitu kingine ndani, hakuna njia inayoishinda. Unapanga, unafunika, unaondoka.

Peasi, matufaha na plamu hukatwa nusu na kuwekwa kwenye bakuli la kuokea, upande uliokatwa ukiwa juu. Changanya asali na maji vijiko vichache, unga wa tangawizi, mdalasini na siagi kidogo, mimina juu. Kama ungeoka kwa sukari kwa nyuzi 180, kwa asali shuka hadi karibu 165 au 170, kwa sababu ileile ya fruktosi. Funika kwa karatasi ya aluminiamu kwa dakika 20 za kwanza ili tunda lipikwe kwa mvuke wake lenyewe. Kisha funua, lichote mchuzi wake na kulimwagia juu, uliache dakika nyingine 15 hadi 20 lipate rangi. Plamu huwahi kuliko peasi. Usizichanganye kwenye bakuli moja.

Kinachopatikana hapa hakipatikani kwenye sufuria: maji ya tunda hupungua, utamu na asidi hukolea, kingo hupata karameli. Plamu hasa hubadilika kabisa, zile zilizokuwa chachu na za kuchosha zinakuwa na mchuzi mwekundu mzito. Kinachopotea ni harufu ya asali. Dakika arobaini za joto kavu hazibakizi kitu chake ila utamu. Kwa hiyo usioke kwa asali yako nzuri. Oka kwa ya kawaida, kisha nyunyiza kijiko kimoja cha ile nzuri juu wakati wa kuandaa meza.

Kuhusu maikrowevu: inafanya kazi, kwa maana ya kwamba tunda hulainika kwa dakika nne au tano ndani ya bakuli lililofunikwa. Haipunguzi shira wala haileti rangi. Kwa mtu mmoja mwenye njaa ya kitu kitamu usiku, sina ugomvi nayo.

Kwa ufupi, kando kwa kando

| | Sufuria | Kikaango | Oveni |
|---|---|---|---|
| Tunda | Peasi, tufaha gumu, matunda makavu | Ndizi, embe, nanasi, pichi | Plamu, peasi, tufaha |
| Muda motoni | Dakika 25–45 pamoja na shira | Dakika 6–8 | Dakika 35–40, bila kuhesabu kupasha oveni |
| Watu | 2 hadi 6 | 2, labda 3 | 6 na kuendelea |
| Tangawizi | Mbichi, vipande | Mbichi, iliyoparuzwa | Ya unga |
| Asali | Theluthi mbili mwanzoni, iliyobaki mwishoni | Yote mwishoni | Ya kawaida ndani, nzuri juu |
| Kuandaa mapema | Ndiyo, hata siku moja kabla | Hapana | Inawezekana, kwa kupasha tena |

Tangawizi: mbichi au ya unga?

Watu huchukulia kwamba unga wa tangawizi ni tangawizi mbichi iliyopungua nguvu. Ni ladha mbili tofauti. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kemikali iitwayo jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji na kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo maana unga huchoma kooni kwa namna ambayo mbichi haichomi, ingawa umepoteza ile harufu ya ulimao na ubichi. Na tangawizi mbichi ikipikwa muda mrefu, jinjeroli hugeuka zinjeroni: ukali unashuka, utamu wa viungo unapanda.

Ukizitazama njia tatu kwa jicho hilo, mgawanyo kwenye jedwali unajieleza. Sufuria ina maji na muda, kwa hiyo vipande vya mbichi vinatoa harufu taratibu na ukali wake unatulia, ukimaliza unavichuja. Kikaango hakina muda, kwa hiyo iparuze ili itoe kila kitu kwa nusu dakika, na mlaji ataonja ukali wa ubichi wake, jambo linaloenda vizuri na utamu wa ndizi. Oveni ni kavu: nyuzinyuzi za tangawizi mbichi juu ya tunda hukauka na kuungua, lakini unga ukichanganywa na asali husambaa sawasawa.

Ukilazimika kubadilisha, anza na robo hadi nusu ya kijiko cha chai cha unga mahali pa kijiko kikubwa cha mbichi iliyoparuzwa, kisha onja. Unga uliokaa kabatini miaka miwili hauna kipimo. Unuse, ukilazimika kuutafuta kwa pua, utupe.

Tangawizi mbichi ina tabia nyingine ya kuiangalia. Imebeba kimeng'enya kinachovunja protini, kiitwacho zinjibaini, na ukiitia mbichi kwenye maziwa ya uvuguvugu huyagandisha. Kuna vitindamlo vinavyotegemea tabia hiyo makusudi, lakini kama ulikuwa unataka mchuzi laini wa krimu juu ya matunda yako, utaona madonge. Nanasi bichi na papai bichi vina vimeng'enya vya jamaa moja, na pia huzuia jelatini isigande. Dawa ni moto: tangawizi na tunda vikichemka vizuri kwanza, vimeng'enya hivyo vinakufa na krimu inaweza kufuata bila wasiwasi. Ndiyo maana matunda ya sufuria hayana tatizo hili, na yale ya kikaango yanaweza kuwa nalo kama tangawizi iliguswa tu na joto.

Asali nyepesi, asali nyeusi, au sukari tu?

Asali ya rangi nyepesi ina ladha ya upole, haigombani na iliki wala vanila. Ya rangi nzito ina ukali wake, wakati mwingine uchungu kidogo, na ikikutana na karafuu na kungumanga kwenye sufuria moja mlaji hajui anachoonja. Kanuni yangu ni rahisi: asali ikiwa ya rangi nzito, punguza viungo hadi tangawizi na mdalasini tu. Plamu na ndizi zinaibeba asali nyeusi. Peasi haiwezi, inamezwa.

Kuna nafasi ambapo sukari ni bora, na sioni haya kusema hivyo. Kama unaoka kwa moto mkali, au unataka karameli halisi kikaangoni kabla ya kutia matunda, tumia sukari na uache asali iwe ya kunyunyizia mwishoni. Ukibadilisha upande wa pili, gramu 100 za sukari zinachukuliwa na gramu 75 hadi 80 za asali, kwa sababu asali ni tamu zaidi, na unapunguza maji kidogo, kwa kuwa asali yenyewe ina maji karibu asilimia 17 au 18. Kwenye sufuria tofauti hiyo ya maji haina maana. Kwenye oveni inaonekana.

Wanaochagua asali kwa ajili ya afya wajue kwamba mwilini ni sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliiweka sukari ya asali kwenye kundi moja na sukari inayoongezwa kwenye vyakula. Mwenye kisukari aihesabu kama anavyohesabu sukari nyingine. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kitindamlo hiki kabisa, hata kama asali imechemka: inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa Clostridium botulinum, na mbegu hizo haziuawi na mchemko wa jikoni. Mpikie matunda yake kwenye sufuria nyingine, bila asali.

Utasikia pia kwamba asali ikipashwa moto inageuka sumu. Kinachotokea ni kwamba sukari zake, zikipata joto mahali penye asidi, huzaa kemikali inayoitwa kwa kifupi HMF. Hiyohiyo imo kwenye mkate uliookwa na kwenye kahawa iliyokaangwa, na kwenye kahawa huwa nyingi zaidi. Hoja ya kutochemsha asali nzuri ni ladha, na hoja hiyo inatosha.

Viungo vingine

Vizima kwenye sufuria, vya unga kwenye kikaango, vyovyote kwenye oveni. Karafuu iogopwe: mbili kwa sufuria nzima zinatosha, na zitolewe kabla ya kuhifadhi mabaki, kwani zinaendelea kutoa ukali ndani ya friji na asubuhi shira ina ladha ya dawa ya meno. Iliki inapatana na embe na peasi. Badiani moja kwenye shira ya plamu ni jambo zuri, mbili ni kosa. Pilipili manga chache zilizosagwa papo hapo juu ya nanasi la kikaango huwashangaza watu, kisha huomba tena. Chumvi isisahaulike popote.

Kama tunda liko mikononi tayari

Matufaha hayafanani. Granny Smith hubaki na umbo na ina uchachu wa kupambana na asali. Bramley hugeuka rojo karibu mara moja, jambo zuri kama rojo ndilo unalolitaka. Red Delicious ni ya kula mbichi. Kwenye sufuria haina uchachu wala umbo. Kwa peasi, Conference na Bosc zinavumilia moto kuliko nyingi. Kama hujui aina uliyonayo, kata kipande kimoja na ukichemshe dakika kumi kabla ya kutia vingine vyote.

Papai sipendekezi kwa njia yoyote kati ya hizi. Likipikwa hupoteza harufu na kubakia utamu wa bapa. Kama ni lazima, liwe kikaangoni, dakika mbili, na limau la kutosha.

Matunda makavu (tende, zabibu kavu, aprikoti kavu, tini) ni ya sufuria peke yake. Kikaangoni yanaungua, kwenye oveni yanakuwa mawe. Yaloweke nusu saa kwenye maji ya moto yenye vipande vya tangawizi, yachemke kwa maji hayohayo dakika 15, na asali iwe nusu ya ile niliyotaja hapo juu, kwani yenyewe ni sukari tayari. Ganda la chungwa linafanya kazi kuliko limau hapa. Ni chaguo zuri pale ambapo hakuna tunda bichi la maana.

Na mchanganyiko? Tufaha na plamu kwenye sufuria, sawa, ila plamu ziingie dakika kumi baada ya matufaha. Ndizi na nanasi kikaangoni, nanasi litangulie. Kuchanganya tunda gumu na laini kwa wakati mmoja ndiyo njia ya uhakika ya kupata kimoja kibichi na kingine kilichovurugika.

Kula leo au kesho

Kama kitindamlo kinatakiwa kesho, swali limejijibu: sufuria. Peasi zikilala kwenye shira yake ndani ya friji huwa bora siku ya pili, maana viungo vimeingia hadi katikati. Zinakaa siku tatu au nne bila shida. Zipashe moto kwa upole kwenye shira hiyohiyo, na kijiko cha asali kiingie baada ya kuzima jiko. Matunda ya oveni yanapashwa pia, yakiwa yamefunikwa na maji vijiko viwili chini, ingawa kingo zake za karameli hulainika. Ya kikaango yaliwe sasa hivi.

Kinachowekwa juu kiwe baridi na kisiwe kitamu. Mtindi mzito unashinda aiskrimu, kwa sababu uchachu wake unaikata asali, wakati aiskrimu inaongeza sukari juu ya sukari. Kwa matunda ya oveni, ambayo tayari yamekolea, krimu isiyo na sukari inafaa zaidi. Karanga au korosho zilizokaangwa kavu ziwekwe mezani, siyo kabla, zisije zikalainika kwenye mchuzi. Shira ikibaki baada ya matunda kuisha, ichuje na uiweke kwenye chupa safi ndani ya friji. Kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto, na limau.